Upepo wa Dunia: Bahari, Jina na Mapenzi Yasiyo na Haraka katika Riwaya za Earthsea

Wanafunzi wengi wa fasihi wana vitabu wanavyovipenda ambavyo kamwe hawataviandikia tasnifu. Miongoni mwake zimo riwaya za vijana zinazosimulia safari za baharini katika nchi za kubuni, pamoja na mapenzi yanayochukua kurasa mia kadhaa kabla ya kuthubutu kujitaja. Mhakiki akiulizwa kwa nini anazipita kimya, jibu lake huwa tayari: ziliandikwa kwa watoto, bahari yake haimo katika ramani yoyote, na mapenzi hayo yanacheleweshwa kwa hila tu, ili msomaji asikiweke kitabu chini. Tuhuma mbili za kwanza si nzito. Ya tatu inastahili kuchunguzwa, kwa sababu inagusa jambo lenyewe linalowafurahisha wasomaji. Makala haya yanaichunguza kwa kuzisoma riwaya za Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani (1929–2018), zinazohusu visiwa vya Earthsea, na hasa habari za wahusika wake wawili, Ged na Tenar.

Riwaya ya kwanza, A Wizard of Earthsea, ilitoka mwaka 1968, baada ya mchapishaji Herman Schein wa Parnassus Press kumwomba mwandishi kitabu cha vijana. The Tombs of Atuan ilifuata mwaka 1971, na The Farthest Shore mwaka 1972. Wasomaji wakadhani hadithi imekwisha. Ndipo mwaka 1990 ikatoka Tehanu, ya nne, ambamo mapenzi ya Ged na Tenar yanatimia. Msomaji aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipowaacha wawili hao wakishuka chomboni mwaka 1971 alikuwa na miaka 34 alipowakuta tena. Msomaji wa Kongo, ambaye kwa kawaida hukutana na vitabu hivi katika Kifaransa, chini ya majina Le Sorcier de Terremer, Les Tombeaux d'Atuan, L'Ultime Rivage na Tehanu, anaweza leo kuvisoma vyote kwa juma moja. Hata hivyo uzito wa muda ule haukutoka katika maandishi.

Earthsea ni visiwa vitupu. Hakuna bara, barabara ni maji. Mtu anayetaka kusoma, kuoa, kuuza kondoo au kumkimbia adui hana budi kupanda chombo. Kwa hiyo katika riwaya hizi bahari haikuwekwa nyuma ya matendo kama pazia la jukwaani, bali ndiyo inayopanga nani atakutana na nani, na baada ya siku ngapi. Katika kisiwa cha Roke pana chuo ambamo vijana hufundishwa elimu ya majina, na mmoja wa walimu wake wakuu ndiye bwana wa pepo. Aliyehitimu pale anaweza kuita upepo ukajaa katika tanga lake peke yake, hata kama bahari yote ni shwari. Lakini wenye hekima hawaiti upepo ovyo. Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged, anaweza kuifukuza mvua kwa neno moja, naye anaiacha inyeshe, akalala chini ya mti akilowa, huku mwanafunzi wake akinung'unika moyoni kwamba uwezo huo una faida gani. Mvua ikifukuzwa hapa itaanguka kwingine. Kila neno la nguvu lina gharama yake mahali fulani.

Tofauti hii kati ya upepo wa mjuzi na upepo wa dunia ndiyo ufunguo wa mwendo wa riwaya zote. Mwandishi naye ni mwenye uwezo wa kuita upepo. Angaliweza kuwafikisha wahusika wake bandarini kwa sura mbili, kama wafanyavyo wengi. Hakufanya hivyo, aliwaacha waende kwa upepo uliopo, na mara nyingine upepo huo haukuvuma kwa muda mrefu.

Hapa neno moja kuhusu lugha. Anayetaka kukitia kitabu cha kwanza katika Kiswahili atakwama tangu jalada. 'Mchawi' haifai, na 'mlozi' haifai zaidi. Mhusika huyo angehukumiwa kabla hajafungua kinywa. Kifaransa kimechagua 'sorcier', neno ambalo huko Kinshasa na Lubumbashi limekwisha kuwafukuza watoto wengi majumbani mwao, na si ajabu mzazi akimnyang'anya mwanawe kitabu chenye jina hilo. 'Mganga' ni jina jema, lakini linamfunga mtu katika tiba. Makala haya yanatumia 'mjuzi', kwa kuwa watu wa Roke hawana kingine zaidi ya ujuzi wa jina la kila kitu. Kwa upande wa vyombo, mfasiri hatakuwa na shida: Kiswahili cha pwani kina omo na tezi, joshi na demani, na kitenzi cha kupiga bisho kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo. Ni msomaji wa Katanga atakayehitaji kamusi, maana Kiswahili chake kilifika bara kwa miguu, na maji makubwa anayoyajua ni ya Tanganyika na Moero.

Chombo cha Ged chenyewe kinaitwa Lookfar, yaani chenye kutazama mbali. Alikipata kwa mzee mvuvi ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho; Ged alimponya, na mzee akamwagiza achore macho mawili penye omo, ili shukrani yake iwe inamwangalizia miamba. Mtu wa Lamu hataona ajabu, kwani mitepe ya zamani ilikuwa na macho ya namna hiyo hiyo. Ukaribu huu wa bahari ya kubuni na bahari ya Waswahili ulipata ushahidi wa pekee mwaka 2022, wakati Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyotolewa kwa mara ya kwanza, ilipokwenda kwa Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa kwa riwaya yake The House of Rust (2021), ambamo msichana Aisha anaingia baharini katika chombo cha mifupa, akifuatana na paka anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi.

Ged wa kitabu cha kwanza hapendeki kwa urahisi. Ni kijana mwenye kipaji, mwenye haraka na mwenye kiburi, na haraka hiyo ndiyo inayomponza: kwa kutaka kumshinda mwenzake mbele ya watu, anafungua mlango usiofunguliwa, kivuli kinatoka na kumrarua uso, na mkuu wa chuo anakufa kwa ajili ya kuuziba. Sehemu yote iliyosalia ni mbio za baharini, kwanza kivuli kikimwinda yeye, kisha yeye akikiwinda. Mapenzi hayamo, isipokuwa mahali pamoja padogo. Katika kisiwa cha Iffish, nyumbani kwa rafiki yake Vetch, Ged anakaa jikoni na dada mdogo wa rafiki huyo, msichana wa miaka 14, wakizungumza juu ya mambo ya nyumbani na ya elimu. Hakuna kinachotokea. Lakini msomaji anaona kwa mara ya kwanza jinsi kijana huyu angekuwa kama angekuwa na nyumba. Kisha anaondoka kwenda bahari isiyo na visiwa.

Vetch huyu ni mtu mweusi sana, na Ged ana ngozi ya rangi ya shaba. Weupe katika Earthsea ni Wakargad, wavamizi wa kaskazini mashariki, na Tenar ni mmoja wao. Mwandishi aliliweka jambo hilo kwa makusudi, bila kulipigia kelele. Wachoraji wa majalada kwa muda mrefu walimpaka Ged weupe, na filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2004 ikafanya vivyo hivyo, hata mwandishi akaandika hadharani kulipinga. Msomaji aliyetazama jalada kabla ya kusoma huenda amekwisha kudanganywa.

Lakini mchango mkubwa wa kitabu cha kwanza kwa mapenzi yatakayokuja ni kanuni ya majina. Kila mtu ana jina la matumizi, analoitwa sokoni, na jina la kweli, ambalo halimwambii mtu ila amwaminiye kwa uhai wake, kwa kuwa ajuaye jina la kitu anakitawala. Ged huitwa Sparrowhawk, jina la ndege wa jamii ya kipanga. Baada ya aibu yake, wakati wanafunzi wengine wanamkwepa, Vetch anakuja kuagana naye na kumpa jina lake la kweli: Estarriol. Hakuombwa, wala hakudai malipo. Mtu asiyejiamini tena anaaminiwa na mwingine. Ndipo naye anaweza kutoa jina lake. Tangu hapo msomaji anajua kipimo. Katika Earthsea mtu anaweza kukumbatia na kubusu bila kutoa chochote; akitoa jina, ametoa kila kitu.

Kipimo hiki si kigeni kwa Wakongo. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliwataka raia wa Zaïre kuacha majina yao ya ubatizo, na wengi wakaendelea kuitana kwa majina yale yale nyumbani, mlango ukifungwa. Katika miaka ya 1990 waliyarudia waziwazi. Watu wa kizazi hicho wanajua kwa uzoefu kwamba jina la daftari la serikali na jina la jikoni ni vitu viwili, na kwamba anayekuita kwa lile la pili amekwisha kuvuka kizingiti. Kwa hiyo wataelewa upesi ubaya aliofanyiwa Tenar. Alitwaliwa kwa wazazi akiwa na miaka 5, kwa sababu alizaliwa usiku aliokufa kuhani mkuu wa Makaburi ya Atuan. Akavuliwa jina katika ibada, akawa Arha, maana yake aliyeliwa. Alikulia jangwani, bibi wa giza na wa njia za chini ya ardhi, bila kuona bahari.

Karibu nusu ya The Tombs of Atuan inapita kabla Ged hajaonekana, na wasomaji wenye pupa huilalamikia nusu hiyo. Wanakosea. Bila ile miaka ya nyuzi, sala na chuki ndogondogo za makuhani wa kike, tendo la pili la kitabu lisingekuwa na maana. Arha anapoona mwanga mahali ambapo mwanga ni haramu, anaona pia uso wa mwanamume ambaye si mmoja wa matowashi wanaomhudumia. Anamfungia ndani. Anamtazama kupitia matundu ya siri akitangatanga, akidhoofika kwa kiu. Sheria inamtaka amwache afe. Yeye anamwelekeza njia, anamfunga minyororo katika chumba kingine, kisha anampelekea maji na mkate.

Mwandishi anastahili sifa kwa kutoharakisha hapo. Arha hajui neno la kukiita kinachomtokea, na msimulizi hamwazimi. Anajiambia kwamba anamweka hai kwa ajili ya burudani. Baadaye, kwa ajili ya kumwuliza habari za nchi za nje. Baadaye anaacha kujiambia lolote. Kila ziara ina maswali machache, na kila jibu linapanua dunia yake kidogo. Siku moja, wakati wa kuagana, mfungwa anamwita Tenar. Amelitambua jina lake kwa ujuzi wake na kumrudishia kama mtu anavyorudisha kitu kilichookotwa njiani. Hakulitumia kumtawala, ingawa alikuwa katika minyororo na jina hilo lingeweza kumfaa. Baadaye naye anampa lake, Ged. Vipande viwili vya bangili ya Erreth-Akbe, kimoja alichokuja nacho na kingine kilichokuwa katika hazina ya Makaburi, vinaunganishwa, na bangili nzima anaivaa Tenar mkononi. Majina yamebadilishana, pete ya namna yake imevishwa, na neno la mapenzi halijasemwa. Anayesema kwamba katika riwaya hii hakuna mapenzi amesahau sheria za nchi aliyoingia.

Kisha wanafika pwani, na usiku mmoja Tenar anachukua kisu kumwendea Ged aliyekaa kimya akitazama bahari. Anataka kumwua. Sababu yake ni ya kweli kuliko ya riwaya nyingi za mapenzi: mtu huyu amempa uhuru, na uhuru ni mzigo asiojua kuubeba, tena amekwisha kumwambia kwamba hawezi kukaa naye, kwamba huenda anakotumwa. Anaahidi tu kuja iwapo atamhitaji. Ged anageuka na kusema naye kwa upole kama hakuona kisu, wanasukuma chombo majini, na msichana analia kwa miaka aliyoipoteza. Kitabu kinaishia Havnor, wakitembea wameshikana mikono, yeye kama mtoto arudiye nyumbani.

Je, huko ni kumchelewesha msomaji kwa hila? Hila ya kawaida inatambulikana: wapenzi wako tayari, lakini barua inapotea, au mjomba anaingia chumbani wakati usiofaa. Ukiondoa kizuizi, hakuna kilichobaki. Kwa Ged na Tenar kizuizi kimo ndani ya watu wenyewe. Msichana huyu ana jina lake kwa siku chache tu. Hajawahi kununua samaki, wala kuamua aamke saa ngapi. Kumtia mara moja mikononi mwa mtu aliyemfungulia kungekuwa kumhamisha kutoka kaburi moja hadi jingine. Na Ged, kama Tehanu inavyoeleza baadaye, ni mjuzi, na wajuzi hujifunga kwa maneno ya nguvu wasiwatamani wanawake. Hilo ndilo walilolipia uwezo wao. Mwanamume huyu hana cha kumpa ila jina, na hilo amekwisha kulitoa.

Tehanu inaanza zaidi ya miaka 20 baadaye katika maisha yao. Tenar ni mjane wa mkulima katika kisiwa cha Gont, ana watoto wawili wakubwa, na majirani humwita Goha, jina la buibui mdogo mweupe. Analea mtoto aliyechomwa moto na watu wake. Ged anarudi juu ya mgongo wa joka, nusu mfu, uwezo wake wote umekwisha. Ahadi ya pwani imetimizwa kinyume: aliyeahidi kuja akihitajiwa amekuja yeye akiwa mhitaji. Na hata hapo hakuna haraka. Ged anaona haya. Anawakimbia wajumbe wa mfalme, anapanda mlimani kuchunga mbuzi. Inapita miezi. Anarudi wakati wa baridi, usiku ambao watu wabaya wanaizingira nyumba, na silaha yake ni uma wa kugeuzia nyasi. Baada ya usiku huo, mbele ya meko, wanaambiana yaliyokuwa yakijulikana tangu zamani, bila maneno makubwa. Wana umri ambao riwaya za vijana huuona kuwa ni wa mababu.

Wakaazi wa Katanga wanaijua kazi ya kuchoma makala. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, na moto huachwa humo siku nyingi bila mwali. Anayepita huona moshi mwembamba tu. Anayefukua mapema hupata majivu au kuni mbichi. Mwandishi huyu hakufukua mapema.

Hata hivyo kazi hiyo ina kasoro, na ya kwanza ni marehemu mume. Flint amelala na Tenar miaka mingi, amezaa naye, amemwachia shamba, lakini karibu hana uso. Ili moto wa zamani uonekane haukuzimika, ilibidi mume awe kivuli, na katika riwaya inayodai kuwapa haki watu wa kawaida, mkulima huyu hakupewa yake. Kasoro ya pili ni mwisho wa Tehanu. Baada ya mwendo wa pole wa kitabu kizima, ukatili wa mjuzi mbaya na wokovu wa joka vinaangukiana katika kurasa chache, kana kwamba mwandishi, akiona bandari, ameita upepo wa uchawi.

Wako pia wanaolalamika kwamba kitabu cha nne kiliharibu vitatu vya kwanza, kwa kumvua shujaa nguvu na kumkalisha jikoni. Le Guin alilijibu hilo katika mhadhara wake wa Oxford wa mwaka 1992, uliochapwa mwaka 1993 kwa jina Earthsea Revisioned: alikiri kwamba alipoanza aliandika kama alivyorithi, ambapo ushujaa ni wa wanaume, na kwamba alihitaji muda kujifunza kutazama kutoka upande wa mwanamke. Kukiri huko kunaongeza maana ya ule muda wa miaka 19. Mwaka 1971 mwandishi alijua kumtoa Tenar kaburini, lakini hakujua mwanamke huru angefanya nini asubuhi ya pili. Hakubuni jibu asilokuwa nalo; alimwacha bandarini mpaka alipolipata.

Katika The Other Wind, iliyotoka mwaka 2001, mfalme anamwita Tenar mjini Havnor kwa mashauri ya nchi, na ni yeye anayevuka maji. Ged, baharia wa Lookfar, amebaki Gont na bustani yake. Mgeni anayekuja kutafuta shauri kwa mjuzi mkuu anamkuta mzee juu ya ngazi, anachuma matunda. Mzee anamkaribisha, anampa chakula, anamsikiliza habari zake; kisha anaendelea kumngojea mkewe arudi kwa merikebu, upepo ukikubali.